Mpira Ukishatoka Mikononi

Ukitaka kuzua ubishi usio na mwisho pale Ukunda, kwenye vibanda vya kuonyeshea mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, uliza tu: ni Mwafrika gani aliyetangulia kulipwa kwa kucheza mpira kule? Mmoja atasema Kanu, mwingine Drogba, na mwenye uchungu wa nchi atamleta Victor Wanyama, aliyetoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza katika ligi hiyo. Wote wamechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayehesabiwa kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa Uingereza ni Arthur Wharton, mzaliwa wa Jamestown mjini Accra, tarehe 28 Oktoba 1865. Alikuwa akidaka mpira wakati wazee wetu hapa Kwale hawajauona.

Sikuvutiwa naye kwa sababu ya utangulizi huo. Wa kwanza ni wengi, na wengi wao ni wa kwanza kwa bahati tu. Kilichonivuta ni kwamba alikuwa kipa, nami nililinda lango Msambweni enzi za ujana wangu, milingoti ikiwa boriti za mkoko na mtambaa wa panya ni kamba iliyolegea katikati, kila bao la juu likizua kesi. Tulipocheza ufuoni, saa ya mechi ilipangwa na bahari: maji yakipwa tunaanza, yakianza kujaa refa apulize asipulize tumemaliza. Kipa wa upande wa baharini ndiye aliyelowa kwanza. Basi ninaposoma habari za kipa yeyote, wa enzi yoyote, nasoma kama habari za jamaa.

Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyetoka kisiwa cha Grenada kuja kuhubiri Afrika Magharibi. Mama yake alitoka katika ukoo wa kitawala wa Wafante. Kijana alipelekwa Uingereza asome, arudi awe mwalimu na mhubiri kama mzee wake. Mwaka 1884 alikuwa chuoni Darlington, kaskazini ya Uingereza, na kufikia mwaka uliofuata vitabu vilikuwa vimeshindwa na viwanja. Hapo namwona kila kijana wa pwani niliyemjua. Baba yangu, Mungu amrehemu, alitaka nihitimu chuoni kwa maalimu nisomeshe watoto Kurani. Mpira aliuita uhuni wa jioni. Hakuchukia mchezo. Alikuwa akiuliza swali moja, na swali hilo nimelielewa sasa nikiwa na mvi: utakula nini ukishachoka?

Wharton kwanza alikuwa mkimbiaji. Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge jijini London, alikimbia yadi mia kwa sekunde kumi kamili kwenye mashindano ya taifa ya riadha, akawa bingwa wa Uingereza yote. Hesabu hiyo ilikuwa haijawahi kuandikwa katika mashindano yale. Alicheza pia kriketi, na baiskeli aliiweza. Watu wa aina hii huwa tunawasifu kwamba Mungu amewapa vyote. Mimi huwa nawaonea huruma kidogo, maana mwenye vipaji vingi huambiwa na kila mtu afuate kile ambacho huyo mtu anakipenda.

Darlington walimweka golini, na hapo Preston North End wakamwona. Hii Preston ndiyo iliyokuwa ikitisha Uingereza nzima. Katika msimu wa 1886 hadi 1887 Wharton aliidakia kwenye Kombe la FA hadi nusu fainali, wakatolewa na West Bromwich Albion.

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze kipa wa siku hizo alivyofanya kazi, kwa sababu vijana wangu wakisikia hucheka hadi machozi. Golini hapakuwa na nyavu. Nyavu zilikuja 1891, na penalti nazo zilianza mwaka huohuo. Kipa aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, na sheria hiyo haikubanwa hadi 1912. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama. Kwa miaka mingi mshambuliaji aliruhusiwa kumvaa kipa kwa bega na kumsukuma ndani ya goli, awe na mpira asiwe nao. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi uliofungwa kwa kamba, na mvua ikinyesha ulikunywa maji mpaka ukawa mzito wa kuumiza kichwa. Ndiyo maana makipa wengi waliupiga ngumi badala ya kuudaka, na ngumi ya Wharton ilisifika. Mtindo wake ulikuwa wa ajabu: alijikunja kando ya mlingoti kama asiyehusika, kisha dakika ya mwisho anachomoka na mbio zake za yadi mia. Miaka mingi baada ya kifo chake, mzee mmoja aliandikia gazeti la Sheffield akikumbuka siku alipomwona Wharton akining'inia kwenye mtambaa wa panya na kuunasa mpira kwa miguu, huku washambuliaji waliokuja kasi wakijirusha tupu golini. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Pale Msambweni ningejaribu hivyo, kamba ingekatika na kesi ya bao ingefika kwa mzee wa mtaa.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho watoa mawaidha hukipenda. Mwaka 1888 Wharton aliiacha Preston ili ashughulikie mbio za kulipwa. Mwezi Septemba mwaka huo Ligi ya Uingereza, ya kwanza duniani, ikaanza, Preston wakaichukua bila kupoteza hata mechi moja kati ya 22, na wakachukua Kombe la FA bila kufungwa hata bao moja. Bila kufungwa hata bao moja! Kipa yeyote anayesoma sentensi hiyo anahisi kitu tumboni. Aliyekuwa kipa wao aliondoka miezi michache kabla ya mlango kufunguka.

Hapa ndipo ninapoachana na watoa mawaidha. Watakwambia: tazama, mtaka yote hukosa yote; angevumilia. Kuvumilia nini? Mwaka 1888 hakuna aliyejua ligi itakuwa kitu. Kule Preston Wharton alikuwa mchezaji wa ridhaa, huku mbio za kulipwa zikiwa na zawadi za pesa taslimu na wacheza kamari waliojaa viwanjani. Alikuwa kijana wa miaka 22, mbali na kwao, na miguu yake ndiyo iliyokuwa benki yake. Alikwenda kulikokuwa na malipo. Mwezi huohuo wa Septemba alishinda mbio kubwa ya kulipwa pale Sheffield. Huwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo lilikuja kujulikana baada yake, na mimi nimechoka na mafunzo ya maisha yanayotegemea kujua mwisho wa hadithi. Vijana wetu waliacha shule wakaenda kufanya kazi hoteli za Diani wakati watalii wamefurika. Utalii ulipoanguka baada ya vurugu za Likoni na Ukunda za 1997, wajuaji walisema wangesoma. Mwaka mmoja nyuma wajuaji haohao walikuwa wakiwaomba kazi.

Mwaka 1889 alitia saini Rotherham Town akawa mchezaji wa kulipwa rasmi. Aliwadakia miaka kadhaa, akaoa, akaendesha baa mjini humo. Baa ilikuwa njia ya kawaida ya wachezaji wa siku hizo kujipatia riziki ya pili, na huwa najiuliza ni nani aliyebuni wazo la kumpa mwanamichezo duka la pombe kama kiinua mgongo. Mwaka 1894 Sheffield United walimchukua. Hapo akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika daraja la juu la Uingereza, lakini kwa mechi moja tu ya ligi, kwa sababu msimu huohuo klabu ilimleta kijana anayeitwa William Foulke. Foulke alikuwa jitu. Baadaye uzito wake ulipita kilo 130 na jina la utani likawa Mnene. Wharton alikuwa na karibu miaka 30. Akakaa benchi akimtazama.

Mshambuliaji akipoteza namba anaweza kuhamia pembeni, akarudi kiungo, akaingia dakika ya 70. Kipa ni mmoja. Ukiwa wa pili wewe ni mtazamaji aliyevaa jezi. Unapasha mwili, unamrushia mwenzako mipira, unamwombea mema kwa mdomo, na moyoni, Mungu atusamehe makipa wote wa akiba, unajua unachoomba.

Baada ya hapo ni kuteremka ngazi: Rotherham tena, Stalybridge Rovers, Ashton North End iliyofilisika mwaka 1899, Stalybridge tena, na mwisho Stockport County katika Daraja la Pili, 1902. Akatundika glavu, ingawa glavu zenyewe hazikuwa za kawaida enzi hiyo. Wanaosimulia maisha yake wanataja pombe. Wanataja pia mgodi wa makaa ya mawe wa Yorkshire Main, kijiji cha Edlington, ambako bingwa wa mbio wa taifa aliingia chini ya ardhi kuchimba kama mtu mwingine yeyote. Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akazikwa humohumo Edlington katika kaburi lisilokuwa na alama. Lilikaa hivyo hadi 1997, wanaharakati wa kupinga ubaguzi katika soka walipochanga wakamwekea jiwe. Mwaka 2003 akaingizwa katika orodha ya magwiji wa soka ya Uingereza. Mwaka 2014 akasimamishiwa sanamu kubwa kwenye kituo cha mazoezi cha timu ya taifa, St George's Park. Taifa hilohilo ambalo magazeti yaliwahi kupendekeza alidakie na halikumwita hata siku moja.

Habari ya mgodi haikunishtua kama inavyowashtua wengine. Kwale tunajua mchezaji kuingia mgodini maana yake nini, na si lazima iwe msiba. Kampuni ya Base Titanium ilipokuwa ikichimba madini huku kwetu, nilijua vijana waliotoka uwanjani Jumapili wakapanda basi la zamu Jumatatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yao mizuri: mshahara unaingia, bima ipo, na timu ya kijiji inapata jezi. Uchimbaji ulisimama mwishoni mwa 2024. Kabla ya hapo wazazi wao waliiona sukari ya Ramisi ikifungwa mwaka 1988. Wengi wa tuliokulia kati ya Gazi na Lunga Lunga tumelelewa na mishahara iliyokoma ghafla. Kwa hiyo mchimba makaa Wharton simhurumii kwa kazi aliyofanya. Namhurumia kwa kuwa kazi ile haikuwa na uhusiano wowote na miaka kumi na saba aliyoutoa mwili wake kwa mpira, kana kwamba miaka ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Na hapa nchini tuliwahi kuwa na jibu ambalo Waingereza wa wakati wake hawakuwa nalo. Timu zetu kubwa zilikuwa za mashirika. Bandari ilikuwa ya bandari kweli, Breweries ya wenye bia, na kulikuwa na timu za posta, za benki, za umeme. Mchezaji aliajiriwa. Asubuhi yuko ghalani au ofisini, mchana yuko mazoezini, na goti likivunjika anabaki na dawati lake. Walipotucheka kwamba si wachezaji wa kulipwa halisi, tuliona haya bila sababu. Mzee wa timu ya shirika aliyestaafu na pensheni yake Likoni ana cha kumwambia Wharton. Bila shaka mpango ule ulikuwa na ila zake: ulimnufaisha aliyejuana na bosi, na shirika lilipopunguza wafanyakazi mpira ndio ulioanza kukatwa. Lakini wazo lilikuwa sahihi. Nalipigia debe kila ninapopata kipaza sauti, na vijana hunitazama kama mtu anayesifu redio ya mkulima.

Jambo la pili linalonikera ni jiwe la kaburi. Miaka 67 bila alama ni aibu, sawa, lakini Waingereza angalau waliandika. Magazeti ya Sheffield, Rotherham na Darlington yalihifadhi mechi zake, na hivyo watafiti waliweza kumfufua kwenye karatasi. Mchezaji wa pwani ya Kenya atafufuliwa kwa nini? Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1965. Muulize kijana wa Diani akutajie watatu tu kati ya waliocheza. Mahmoud Abbas, kipa tuliyemwita Kenya One, alikuwa golini enzi ambazo timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilitwaa Kombe la Chalenji mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Kwa kizazi changu jina hilo lilikuwa sababu ya kuchagua kusimama golini, mahali ambapo kwa kawaida hupelekwa mtoto asiyejua kucheza. Wajukuu wetu wanamjua zaidi kipa wa akiba wa Arsenal. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema kwa kuwa tumeacha mambo haya yakae midomoni mwa wazee, na wazee tunaondoka.

Majirani zetu wamefanya nafuu kidogo. Tanzania nzima inajua kwamba Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta, alitoka Yanga akaenda kucheza Heracles ya Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970, Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya, akaja kupita pia Al Nasr ya Dubai. Wanamjua kwa sababu ubishi wa Simba na Yanga ni maktaba inayotembea. Bao lake la ushindi dhidi ya Simba pale Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974 bado linasimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Ushabiki, pamoja na kelele zake zote, unahifadhi majina kuliko wizara.

Kuna kitu kingine ambacho hunichekesha kwa uchungu. Wharton alikwenda Uingereza kwa meli, akasajiliwa bila mtu kumuuliza kibali cha kazi. Alikuwa raia wa himaya, na ubaguzi aliokutana nao, nao ulikuwepo tele, haukuwa wa mhuri. McDonald Mariga, Januari 2010, alikuwa karibu kuhamia Manchester City akanyimwa kibali, kwa kuwa Harambee Stars haikuwa juu ya kutosha kwenye orodha ya FIFA. Kijana alihukumiwa kwa matokeo ya wenzake kumi. Akaenda Inter Milan badala yake, na msimu huohuo Inter ikabeba ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Watoa mawaidha watasema mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Kwa Mariga, ndiyo. Kwa waliokwama kwenye dirisha la ubalozi wakiwa na miaka 19 na hawana Inter ya kuwasubiri, sijui mlango gani.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, naye kipa. Mikono mirefu, macho makali, na ule ugonjwa wetu wa kutazama mipira ya watu hata barabarani. Mwaka uliopita alinijia na karatasi. Wakala mmoja aliyekuwa akizunguka hoteli za Diani alikuwa amemuahidi majaribio Ulaya. "Mjomba, soma tu halafu utie sahihi kama mzazi," akaniambia, kalamu tayari mkononi.

Nilikaa nayo chini ya mwembe, kipengele kwa kipengele. Asilimia ya wakala ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzito. Muda wa kumwakilisha kijana ulikuwa mrefu kuliko kifungo cha mwizi wa ng'ombe. Ada ya kufungua faili ilitakiwa mapema, kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi. Nilitafuta neno kuumia, sikuliona. Nilitafuta neno tikiti ya kurudi, sikuliona. Jina la klabu halikuwepo. Palikuwa na jina la nchi, na nchi haidaki mpira. Nikamuuliza mpwa wangu swali la baba yangu, lilelile, utakula nini ukishachoka, naye akanijibu kama nilivyomjibu mzee wangu, kwa kukunja uso na kutazama chini.

Sikumkataza mpira. Nilimsimulia Wharton, kwa kirefu kuliko alivyotaka, mpaka kwenye mtambaa wa panya akacheka na kukunjua uso. Halafu tukapatana. Wakala alirudishiwa karatasi bila sahihi, na simu zake zikakoma mara alipojua hakuna ada. Mpwa wangu anadakia timu ya Ukunda msimu huu, na amejiandikisha chuo cha ufundi kusomea umeme, kwa masharti yake mwenyewe: vitabu na vifaa nimnunulie mimi, glavu ziwe mpya, na Jumamosi mchana asipangiwe zamu ya vitendo hata kama mwalimu ni nani. Mwalimu bado hajakubali hilo la Jumamosi. Wiki ijayo nitakwenda kumwona.